Mshipa Usioshuka

Jumapili, 9 Machi

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya somo la Kiswahili, Gredi ya Sita. Nimechana kurasa tatu za mwanzo. Zilizobaki ni zangu.

Leo baada ya ibada mama mkwe wangu, Mama Phelesia, alisimama nje ya kanisa akawaaga wanawake wenzake, maana kesho tunakwenda hospitali Migori. Ana rovu upande wa kulia wa shingo, kubwa kama ngumi, lakini halijaipunguza sauti yake hata kidogo. Akiita jikoni kwake, mtu aliye kituoni Rodi Kopany anageuka. Aliwaambia, kwa Kiswahili makusudi ili nisipotewe na neno: "Mimi nikitoka huko, naenda Oyugis kumletea Gordon bibi. Hii nyar Kisii imenipatia nini miaka kumi na moja? Msichana moja na kaburi moja."

Gordon ni mume wangu. Nyar Kisii, binti wa Kisii, ndilo jina langu katika boma hili. Shuleni ni Mwalimu Mellen.

Wanawake waliangalia viatu vyao. Binti yangu Terry, ambaye ana miaka kumi, alinishika mkono. Kisha mvua ya kwanza ya masika ikaanza, tukatawanyika.

Jumanne, 11 Machi. Migori

Hospitali ya wamisheni, nje kidogo ya mji. Daktari wa upasuaji anaitwa Maroa, Mkuria wa makamo, mpole, mwenye mikono midogo kama ya mwanamke. Dholuo, lugha ya Mama, hajui. Mama Kiswahili cha kutukana anakijua, cha ugonjwa hana. Nikawekwa katikati nitafsiri.

Kabla daktari hajafika kitandani, Mama alikuwa ameshaitangazia wodi nzima kwa Dholuo kwamba nimemleta afe ili nipate kupika kwenye matanga yake. Wagonjwa walicheka, hata yule mwenye mrija puani.

Daktari akaniuliza, "Mwulize kama chakula kinakwama akimeza."

Nikauliza. Mama akasema ndiyo.

"Ni tangu rovu limetokea, ama hata zamani?"

Mama akaanza kusimulia. Tangu akiwa msichana, ugali mkavu ulikuwa ukisimama hapa, akajigonga kifua, na nyama ndiyo mbaya zaidi, na mama yake alikuwa akimpa maji kila baada ya tonge, na shangazi zake wakasema amerogwa. Alisema mengi. Alikuwa akiniangalia mimi na kubetua midomo kama mtu anayezungumza na mjinga.

Nikamwambia daktari, "Anasema ni tangu rovu likue."

"Hapo zamani, hakuna?"

"Hakuna."

Akaandika. Nilikuwa nimechoka, tena nina hasira. Ni maneno machache tu niliyokata.

Alhamisi, 13 Machi

Amepasuliwa leo asubuhi. Muda wa saa tatu na nusu ndani. Ametoka mzima.

Ijumaa, 14 Machi

Mama ameamka, akafungua mdomo kunikaripia, na hakikutoka kitu. Pumzi tu, kama mtu anayepuliza moto. Akajaribu tena. Akashika shingo iliyofungwa bandeji, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikaona woga machoni mwake.

Daktari Maroa akaniita ofisini. "Mwalimu, kaa." Akageuza karatasi ya maabara, akachora shingo nyuma yake kwa penseli.

"Sauti inaendeshwa na mishipa ya fahamu miwili, kulia na kushoto. Kwa watu karibu wote, huu wa kulia unashuka kutoka shingoni, unazunguka chini ya mshipa mkubwa wa damu unaoenda mkononi, ndipo unapanda tena mpaka kwenye kikoromeo. Mimi huutafuta hapa chini, mahali unapopandia. Nikiuona naulinda, naendelea na kazi." Akachora mstari mwingine, mfupi, wa kukatiza. "Wa mama yako haukuwepo. Haushuki. Unatoka juu hapa moja kwa moja, unakata hivi, unaingia. Nilidhani ni mshipa mdogo wa damu. Nikaufunga, nikaukata."

Hakuficha. Nilimheshimu kwa hilo.

"Watu kama hao ni wengi?"

"Mmoja katika mia mbili, pengine hata chini ya hapo. Miaka kumi na minne nafanya kazi hii, sijakutana na hata mmoja. Huwa ni kwa sababu ule mshipa wa damu wa mkono nao umepotea njia, umepita nyuma ya umio. Ndiyo maana wengine wao hulalamika tangu utotoni kwamba chakula kinakwama. Angekuwa amelalamika, ningempiga picha ya kifua kwanza. Ningejua niutafute wapi."

Nilikuwa naiangalia penseli.

"Hakulalamika," akasema.

Hakuuliza. Kwa hiyo sikujibu.

Ameunganisha zile ncha mbili, lakini hana tumaini kubwa. Uzi wa sauti wa kulia umelala kando, haukutani na mwenzake, ndiyo maana pumzi inavuja na maneno hayatoki. Maji nayo yanaweza kupenya hapo yakaingia mapafuni. Basi asinywe chai nyepesi wala maji matupu. Apewe uji mzito, na akimeza ainamishe kidevu kifuani. Baada ya wiki sita arudi kufundishwa mazoezi ya sauti.

Tukaenda kitandani pamoja nimtafsirie. Daktari alisema mengi, polepole, akaomba msamaha. Mimi nikamwambia Mama kwa Dholuo: "Anasema ulizaliwa na kasoro."

Jumatano, 19 Machi

Tumerudi nyumbani. Mvua.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Mahindi yameota vizuri shamba la chini.

Jumatano, 2 Aprili

Sijawahi kujua kwamba boma hili lina ndege. Asubuhi nimekunywa chai nikiwasikiliza. Hakuna aliyeniita mvivu. Hakuna aliyepaza sauti majirani wajue nimeamka saa ngapi.

Miaka minne iliyopita nilijifungua mtoto wa kiume, amekufa. Tulimzika nyuma ya nyumba asubuhi, mvua ikinyesha kama hii. Sikuwa nimekauka damu wakati Mama aliposimama langoni akawaambia wapita njia wote, mmoja baada ya mwingine, kwamba tumbo la nyar Kisii ni kaburi. Nilikuwa kitandani, dirisha limefungwa, na nilisikia kila neno. Wa mwisho kuambiwa alikuwa muuza maziwa.

Leo alisimama pale pale langoni akajaribu kumwita ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi. Alifungua mdomo mara tatu. Ng'ombe akaendelea kula. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi. Nilimalizia chai yangu kwanza.

Jumapili, 6 Aprili

Wamekuja wanawake wanne wa kanisa kumwona, wakiongozwa na Emmaculate, mke wa mchungaji. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kiasi kwamba hata sisi tulizungumza kwa kupiga kelele. Mnong'ono wa Mama, ndani ya mvua ile, ni mimi tu niliyeweza kuusikia, nikiinama hadi sikio liguse midomo yake.

Niliwaletea wageni chai. Na Mama nikamwekea kikombe mbele yake.

Akanivuta. "Hii chai utaniua nayo. Lete uji. Waambie unataka kuniua."

Nikanyanyuka. "Anasema karibuni chai. Anasema kwa ugonjwa huu ameona kwamba nyumba yake ilipata binti, si mkwe."

Wakapiga makofi. Emmaculate akasema, "Nyar Kisii, Mungu amekuona, ooh!" na machozi yakamtoka.

Mama akaangalia nyuso zile zote zinazomtabasamia. Wanamngoja aguse kikombe. Akanywa. Alikohoa mpaka macho yakawa mekundu na leso ikalowa, na mimi nikampangusa kidevu, taratibu, mbele yao.

Terry alikuwa amekaa miguuni pa dani yake. Hivyo ndivyo anavyomwita bibi yake. Hakunywa chai yake.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Nimesahihisha mitihani.

Alhamisi, 17 Aprili

Terry ameanza kulala kwa dani yake. Anasema dani huogopa akikohoa peke yake. Nimemruhusu. Anipunguzie kazi.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Ijumaa ilikuwa siku ya kumrudisha Mama Migori kwa mazoezi ya sauti. Mume wangu Gordon anaendesha lori kati ya Isebania na Mombasa, hurudi mara moja kwa wiki tatu. Nilimwambia kwa simu kwamba daktari ameahirisha. Akasema, "Sawa, Mama Terry. Asante kwa kumshughulikia mama." Nyuma yake nilisikia lori likinguruma.

Jumamosi, 10 Mei

Siku yangu kubwa.

Mzee Willis amekuja kutoka Oyugis. Ni baba mdogo wa msichana ambaye Mama alikuwa amemchagua, fundi cherehani anaitwa Damaris. Mzee ni mnene, mtaratibu, na masikio yake yamechoka. Alikuja peke yake, amelowa hadi magoti, amevaa koti la suti. Alitaka kujua kama mazungumzo waliyoanza Januari bado yapo.

Ndani mlikuwa na sisi watatu. Mvua ilikuwa juu ya mabati.

Mama alichangamka. Alinivuta kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akaninong'oneza: "Mwambie baada ya mavuno. Mwambie Agosti. Mwambie Gordon amekubali."

Nilisimama katikati ya chumba. Nilijisikia nimetulia, kama ninavyokuwa ninapoandika ubaoni.

"Mzee, Mama anakushukuru kwa kuja na mvua hii. Anasema ugonjwa umembadilisha mawazo. Anasema hayo mambo yaishe hapo. Msichana asingoje."

"Ati yaishe?"

"Aolewe kwingine, Mzee. Asingoje."

Mama akagonga sakafu kwa mkongojo wake. Akatikisa kichwa, akaninyooshea kidole, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama. Akaanza kukohoa.

Mzee Willis akamwangalia kwa huruma. "Anasema nini tena?"

"Anasema amechoka. Anaomba usione vibaya."

Aliona vibaya. Aliinuka, hakumaliza chai, akavaa kofia yake mlangoni. Nilimsindikiza kwa mwavuli hadi barabarani. Niliporudi, Mama alinirushia kikombe. Hakikunifikia.

Jumapili, 11 Mei

Sikuenda kanisani. Nimelala vizuri sana.

Alhamisi, 22 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilitoka shule saa kumi. Mvua ilikuwa imepumzika, mawingu bado yamejaa upande wa ziwa. Nilimtuma Terry kusagisha mahindi, nikawasha jiko nikaange omena, dagaa wa ziwani. Nilimwona Mama akishuka na mkongojo kwenda shamba la chini. Maji yalikuwa yakivunja mfereji aliouchimba marehemu mumewe, na hilo hawezi kulivumilia.

Nilipotoka kumwaga maji ya omena nikamwona yuko chini. Ameanguka ndani ya mfereji, mguu mmoja umekunjwa vibaya chini yake. Kutoka mlangoni pa jiko hadi pale ni kama kiwanja cha mpira. Mkono wake ulikuwa juu. Alikuwa ameniona. Mdomo wake ulikuwa ukifunguka na kufumba.

Nilimwangalia. Nataka niandike kwamba sikuelewa, lakini nilielewa. Nilijiambia: acha nigeuze omena, zisiungue. Nikaingia. Nikageuza. Nikakata nyanya, nikakata kitunguu, vyote vidogo vidogo kuliko ninavyokata siku zote. Nikatoka. Mkono bado ulikuwa juu, lakini chini kidogo kuliko mwanzo. Nikakumbuka muuza maziwa. Nikaingia tena. Niliweka maji ya ugali nikasubiri yachemke, na wakati wote ule hapakuwa na sauti yoyote, ila omena zikichemka kwenye mafuta. Mtu angekuwa anaita, ningekwenda. Hilo nalijua. Mtu akiita, miguu hukimbia yenyewe.

Mvua ikarudi. Nikatoka mara ya tatu, nikasimama mlangoni na mwiko mkononi. Sikumwona vizuri tena, maana maji ya mfereji yalikuwa yamepanda. Sijui nilisimama hapo muda gani. Tangu nilipomwona mara ya kwanza ilikuwa imepita saa nzima, au karibu.

Terry alikuja kwa njia ya chini, unga kichwani umefunikwa kwa nailoni. Nikaona akisimama. Unga ukaanguka. Akaruka ndani ya mfereji, akamwinua dani yake kichwa, akapiga ukelele. Majirani wawili wakatoka mbio. Mimi nami nikakimbia.

Lakini kabla sijaanza kukimbia, Terry aliinua uso kuelekea nyumbani. Aliniona nimesimama.

Jumamosi, 24 Mei. Homa Bay

Amelazwa. Mguu umeteguka tu. Mapafu ndiyo mabaya. Daktari wa hapa anasema si maji ya mfereji peke yake, kuna vinywaji vimekuwa vikiingia kwa wiki nyingi. Akauliza nani humlisha. Nikasema mimi.

Jumanne, 27 Mei

Anapumua kwa oksijeni. Gordon amekuja, ameketi upande wa miguu, ananishukuru.

Ijumaa, 30 Mei

Nilijikuta nikihesabu pumzi zake. Nilifika mia nne. Ilikuwa mchana, wodi imejaa wageni wa wagonjwa wengine, na mimi nahesabu. Nilikuwa naogopa zisimame. Sijui woga huu umetoka wapi.

Jumatano, 4 Juni

Ameruhusiwa. Walimpiga picha ya kifua, ile ya mashine kubwa. Wametupa bahasha tumpelekee Daktari Maroa.

Alhamisi, 12 Juni. Migori

Mama alikataa kuingia garini bila Terry. Tukaenda sote watatu.

Daktari Maroa aliweka picha dirishani, akaisogelea. Akatuonyesha mshipa wa damu wa mkono wa kulia. Umepita nyuma ya umio, kama alivyosema mwezi wa tatu. Akamgeukia Mama, akazungumza naye mwenyewe, polepole.

"Mama, tangu zamani, kabla ya rovu, chakula kilikuwa kinakwama?"

Nikafungua mdomo. Mama alikuwa ameshamvuta Terry. Nje hakukuwa na mvua. Nilisikia kila neno la ule mnong'ono.

Terry akasema, "Anasema ndiyo. Tangu akiwa msichana, akila ugali mkavu na nyama. Mama yake alikuwa anampatia maji kila tonge." Kisha akaniangalia. "Anasema alikuambia siku ile ya kwanza."

Daktari alivua miwani.

"Mwalimu, nilikuuliza swali hilo."

"Nilitafsiri vibaya."

"Dholuo umeishi nayo miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

Alifunga faili. Nilitamani anifokee. "Mkono uliokata ni wangu," akasema. "Niliandika hivyo kwenye ripoti, na bado ndivyo ilivyo. Lakini tangu Machi sijafungua shingo ya mtu. Kila nikishika kisu naona kwamba sijui tena kitu kiko wapi. Wagonjwa wa rovu nawatuma Kisumu. Wengine hawana nauli, wanarudi tu nyumbani."

Akamwangalia Mama kooni kwa kioo. Uzi wa kulia haujasogea. Mazoezi ya Aprili yangeusaidia ule wa kushoto uvuke umfuate mwenzake. Sasa kuna upasuaji wa kuusukuma ukae katikati, lakini mapafu yapone kwanza. Labda mwakani.

Njia nzima Mama alilala begani kwa Terry.

Ijumaa, 13 Juni

Terry amejipikia.

Jumapili, 29 Juni

Mvua zimeisha. Mahindi yanakauka yakiwa wima. Boma limekuwa kimya kweli sasa, na kwa sababu ni kimya, mnong'ono wa Mama unasikika.

Namwogesha kila asubuhi. Namkorogea uji mzito, namshika kidevu mimi mwenyewe, nangoja ameze, ndipo namwekea kijiko kingine. Inachukua saa nzima. Miezi mitatu nilidhani ananitukana mchana kutwa, maana midomo yake haikutulia. Kumbe nusu ya maneno yake ni kwa kuku. Anawaambia wasiende mbali. Anawauliza mwenzao mweupe yuko wapi. Nyingine anazungumza na marehemu mumewe, anamlaumu kwa ule mfereji, kwamba aliuchimba kwa kuteremka mno.

Leo nilipokuwa nampaka mafuta kwenye kovu nikasema, "Mama, siku ile ya shambani nilikuona."

Akanong'ona, "Najua. Lete uji."

Nikaleta. Nikaumwaga kidogo kwenye leso yake, na yeye akaipangusa. Tangu niolewe hatujawahi kukaa hivyo, sisi wawili, bila mmoja kutaka mwenzake aondoke.

Jumamosi, 5 Julai

Gordon amerudi, na amekuja na neno. Alipita Oyugis kwa mafuta ya gari, akakutana na Mzee Willis. Mzee akamwambia: mbona mama yako alitukataa?

Gordon aliniuliza nikiwa naanika nguo. "Mama alikataa lini?"

Nikakung'uta shuka, nikaitundika.

"Kwa hivyo watakuja tena Jumamosi. Mama aseme mwenyewe, watu wasikie."

Hakuwa mkali. Gordon hawi mkali. Alichukua shati moja akanisaidia kulianika.

Ijumaa, 11 Julai

Nimefagia. Nimemsuka Mama nywele. Alinishika kiganja nilipomaliza, akakibonyeza kidogo, akakiachia.

Jumamosi, 12 Julai

Walikuja saa tano. Mzee Willis na dada yake Risper, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache. Wanaume walikaa upande wa mlango, Gordon na Mzee. Mama alikuwa kwenye kiti chake kule ndani, mimi kulia kwake, Terry kushoto. Hakukuwa na upepo hata. Ungeweza kumsikia kuku akiparua nje.

Risper akasema kwa heshima, "Mama, tumekuja kusikia kutoka kwako. Ukisema ndiyo, Damaris atakuja. Ukisema hapana, hatutakusumbua tena."

Gordon akasema, "Terry ndiye anamsikia vizuri. Terry, sikiliza dani, utuambie."

Terry akainama. Mama akamwekea mkono shingoni, akanong'ona. Mimi nilikuwa hapo, hatua hata haifiki. Nilisikia.

Alisema: "Waambie basi. Huyu mmoja amenitosha."

Sijui alimaanisha nini. Labda nimemtosha kwa mema, labda kwa mateso. Lakini maneno yalikuwa hayo, na moyo wangu uliruka, nikaangalia chini wasione machozi.

Terry akanyoosha mgongo. Akaangalia watu wazima, mmoja mmoja, kama mtoto anayetoa shairi siku ya wazazi. Kwa sauti safi akasema:

"Dani anasema Damaris aje. Anasema baada ya mavuno."

Mzee Willis akapiga paja. Risper akatoa kigelegele kifupi. Nikasimama. "Hakusema hivyo! Nimemsikia. Amesema sivyo!"

Wote wakageuka, wakamwangalia Mama. Angeweza kutikisa kichwa. Shingo yake haina shida ya kutikisika. Alimwangalia Terry kwa muda mrefu, kisha akaniangalia mimi. Akakunja mikono kwenye mapaja, akatulia.

Gordon akasema, "Kaa, Mama Terry. Mei ni wewe ulikuwa unamsemea. Sasa kaa."

Nikakaa.

Jumapili, 13 Julai

Nilimkuta Terry anapukuchua mahindi nyuma ya ghala. Nikamwuliza, "Kwa nini ulisema hivyo?"

Hakuacha kupukuchua. "Na wewe ulikuwa unasema unachotaka."

"Unataka baba yako aoe?"

"Nataka dani apate mtu mwingine wa kumlisha."

"Mimi namlisha vizuri sasa. Umeona mwenyewe."

"Sasa," akasema.

Nilikwenda kwa Mama. Nilipiga magoti, jambo ambalo sijawahi kufanya katika boma hili. "Mama, ulisema nimekutosha. Nilikusikia. Mwambie Gordon. Tikisa tu kichwa."

Alinivuta sikio karibu. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya uji wangu.

"Mtoto amesema vizuri kuliko mimi," akanong'ona.

Jumatatu, 21 Julai

Wamepima mahali pa nyumba. Upande wa kushoto wa lango.

Ijumaa, 1 Agosti

Shule zimefungwa. Nimewapikia mafundi siku nzima. Wanne.

Jumamosi, 16 Agosti

Damaris alifika Alhamisi na cherehani yake. Ana miaka ishirini na sita, ana meno mazuri, anacheka kwa urahisi. Hakunifanyia ubaya wowote. Aliniamkia kwa heshima, akaniita Mama Terry, akauliza aanzie kazi wapi.

Leo asubuhi nilikuwa nimekoroga uji wa Mama. Damaris akaingia nyuma yangu, akachuchumaa kando ya kiti, akamwekea Mama sikio bila kuambiwa na mtu. Mama akazungumza muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama mbali kidogo na bakuli, na Terry alikuwa mlangoni akifunga viatu. Damaris akaitikia, akacheka, akaitikia tena.

Akainuka, akanigeukia. "Mama anasema uchukue nafasi upumzike. Anasema jikoni yake niingie mimi kuanzia leo."

Nilimwangalia Mama. Alikuwa ameshafumba macho. Nilimwangalia Terry. Alikuwa amemaliza viatu, akatoka nje.

Sijui kama ndivyo alivyosema. Nilimpa Damaris bakuli, nikamwonyesha jinsi ya kumshika kidevu.